Vigingi Visivyopinda

Mlango wa nyumba ile haukukubali kufungwa. Mwalimu aliyenipokea aliusukuma hadi ukabana, akageuka kulichukua sanduku langu, na nyuma yake mlango ukafunguka polepole mpaka mwisho, kama mtu mwenye adabu anayesubiri kuambiwa karibu.

"Usijali, dada," akasema. "Huyo ni mwenye nyumba anaingia."

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Kabla chai haijaiva nilikuwa nimejua kwamba mwenye nyumba alikuwa mumewe, na kwamba kaburi lake lilikuwa hapo nje, chini kidogo ya dirisha la chumba nilichopewa, na msalaba wa saruji ulioinama kuelekea mtoni.

Hii ilikuwa Othaya, miaka ya sabini mwanzoni, mwezi wa Julai, wakati vilima vile vya chai na kahawa vinapovaa ukungu asubuhi na pengine visiuvue mpaka kesho yake. Nilikuwa mwanafunzi wa jiolojia, na nilikuwa nimepata tuzo. Kila mwaka chama cha wanajiolojia kilitoa tuzo chache za utafiti kwa wanafunzi waliochagua ile sehemu ya somo letu inayohusu jinsi miamba inavyopinda, inavyopasuka na inavyoteleza. Tuzo yenyewe haikuwa kikombe cha kuweka kabatini. Ilikuwa nauli, dira ya kuazima yenye kipimo cha mwinamo, likizo nzima ya kufanya kazi nje, na mwisho wake, Desemba, kusimama mbele ya wakubwa wa fani na kusoma ulichokiona. Aliyesoma vizuri zaidi alipelekwa masomo ya juu.

Kuomba, ulitakiwa kuandika swali moja tu. Mwenzangu mmoja aliandika juu ya mikunjo ya miamba ya kale upande wa Doldol, akaenda kupima mawe katikati ya mbuzi na wanunuzi wa mbuzi, ambao walimwuliza kila siku anauza nini. Mimi niliuliza hivi: je, nyufa zinazotokea kwenye udongo wa vilima vya Othaya zinafuata nyufa za mwamba ulio chini yake?

"Swali zuri," mhadhiri wangu alisema. "Jibu lake ni ndiyo au hapana. Wenzako wameandika maswali ambayo hata Mungu angeomba muda."

Mahali pa kulala nilitafutiwa na watu wa kanisa. Mwalimu alikuwa mjane mwenye binti wawili wadogo, akifundisha shule ya msingi iliyokuwa juu barabarani. Alikaa na mama mkwe wake, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka, ambaye sote tulimwita Shosho, yaani bibi. Mimi ni mtu wa magharibi. Kikuyu changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Wewe kairitu," Shosho aliniambia siku ya kwanza, akinipima kwa macho kutoka buti hadi kofia. "Ati umesoma miaka yote hiyo ndiyo uje kuangaria mawe?"

"Ndiyo, Shosho."

"Na utaorewa na nani? Na jiwe?"

"Jiwe halilewi, Shosho."

Alifikiria jambo hilo kwa uzito. "Hiyo ni kweri," akasema.

Kesho yake Mwalimu alinionyesha sababu yake ya kunikubali. Kando ya jikoni, upande wa kulia wa nyumba, ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulianzia juu kidogo ya nyumba, katika shamba la shemeji yake, ukashuka na mteremko ukipita pembe ya jikoni, ukaendelea katikati ya mibuni hadi karibu na mto. Mahali pengine ungeweza kuuruka bila kuuona. Karibu na jikoni mkono wangu uliingia wote, na chini nilihisi ubaridi ambao haukuwa wa udongo, ulikuwa wa hewa.

"Watu wanasema hii na wengine wanasema hii," Mwalimu akasema. Alizungumza kwa sauti ya chini ili binti zake wasisikie. "Wengine wanasema ni kiangazi tu, udongo umekauka. Wengine wanasema ni yeye hajatulia. Mimi nataka kitu moja. Mvua ya Oktoba ikikuja, hawa watoto walale kwa hii nyumba ama wasilale? Niambie hiyo tu. Hiyo ingine ya mawe andika vile unataka."

Nikamwuliza kwa nini asihame sasa, akakae upande wa pili wa ufa.

Alinionyesha kwa kidevu. Shamba lake lilikuwa jembamba, limeteremka kama ukanda. Karibu lote lilikuwa upande ule ule wa nyumba. Ardhi ngumu, ile ya juu, ilikuwa ya shemeji yake. "Mjane akibeba sufuria zake atoke kwa boma, hakuna mtu anamwuliza atarudi lini. Wanasema amerudi kwao. Na huyu," akatazama kaburi, "nimwachie nani?"

Basi nikafanya nilichofundishwa. Nilichonga vigingi vya mkaratusi, nikavuta kamba kukatiza ufa, nikavipigilia vigingi kwenye mstari mmoja, baadhi upande wa nyumba na baadhi upande wa pili. Ni kipimo cha zamani na hakihitaji akili nyingi. Kama upande wa nyumba unashuka, vigingi vyake vitashuka nao, na mstari utavunjika pale penye ufa. Ukiinama nyuma ya kigingi cha kwanza na kufumba jicho moja, utaona kigingi cha mwisho kimejificha nyuma ya vingine, au kimetoka pembeni.

Asubuhi nilitembea kwenda kwenye machimbo ya mawe na kingo za barabara, mahali mwamba ulipokuwa wazi, nikapima nyufa zake kwa dira. Mchana nilirudi na kuinama nyuma ya kigingi cha kwanza. Mstari ulikuwa umenyooka. Juma la kwanza likaisha, mstari umenyooka. La pili, vilevile.

Ningefurahi, kama si mambo mengine ya nyumba ile.

Chai kikombeni ilisimama juu upande mmoja. Nilidhani ni meza, nikakunja karatasi nikaiweka chini ya mguu wake. Baada ya siku kadhaa ilibidi niikunje tena. Mahindi yaliyomwagika sakafuni hayakutawanyika. Yalielekea yote pembe moja, yakalundikana hapo kama kuku waliosikia mwewe. Dirisha la chumba changu lilipasuka kioo bila kuguswa, mchana, tukiwa wote tumekaa uani tukimenya viazi. Mbwa alikuwa amehama zamani kwa hiari yake, akawa analala kwa shemeji, na ukimwita anakuja mpaka karibu na ufa, anakaa, anatikisa mkia, havuki.

Na kulikuwa na ile sauti. Ilikuja mchana, mara nyingi manyunyu yakishakwisha na ukungu ukishatua, wakati hata ndege wamenyamaza. Ilitoka chini ya mbao za sakafu. Haikuwa kubwa. Ilifanana na mtu anayesaga meno usingizini. Binti mdogo wa Mwalimu aliizoea kiasi kwamba ilipoanza aliipigia sakafu kofi na kusema, "Baba, nyamaza," kisha akaendelea kuchora.

Mimi sikuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Lakini nilikuwa na tabia, ambayo wenzangu walisema ingenifaa katika magazeti zaidi kuliko katika miamba, ya kuuliza kila mtu jambo lile lile na kulinganisha majibu. Niliuliza mlango, chai, mahindi na mbwa, na majibu yote yalisema ardhi inakwenda. Vigingi pekee ndivyo vilivyosema haiendi.

Kisha siku moja nilitoka mapema kuliko kawaida yangu. Ukungu ulikuwa mzito, na nilipoinama nyuma ya kigingi cha kwanza nilihisi kwamba mstari umevunjika. Vigingi vya upande wa nyumba vilikuwa vimeshuka kidogo, upana wa kidole hivi. Sikuweza kuapa, kwa sababu cha mwisho kilikuwa kivuli tu. Nikasema nitaangalia vizuri kukishakucha sawasawa, nikaenda machimboni. Niliporudi mchana ukungu ulikuwa umeondoka, na mstari ulikuwa umenyooka kabisa.

Katika somo letu kuna mambo machache yasiyobishaniwa, na mojawapo ni kwamba udongo ulioteremka kilima haupandi tena. Maji hayapandi, mawe hayapandi. Nilichokiona, kama nilikiona, ni nyumba nzima pamoja na kaburi ikishuka kisha, watu wakiwa kazini, ikirudi mahali pake.

Sikumwambia Mwalimu. Lakini tangu siku hiyo sikupenda kuupa ufa mgongo.

Mwezi wa Agosti mhadhiri wangu alikuja. Ilikuwa sharti la tuzo kwamba kila mwanafunzi atembelewe mara moja ili wakubwa wajue hadanganyi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependwa mara moja na kila mtu. Alikunywa chai ya Mwalimu, akasifu viazi, akapiga magoti nyuma ya kigingi cha kwanza akiwa na suruali yake nzuri, akafumba jicho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Kamba," akasema.

Nikampa kamba. Akaivuta toka mwanzo hadi mwisho. Iligusa kila kigingi.

"Mwalimu," akamwambia mwenyeji wangu huku akijipangusa magoti, "nyumba yako imetulia kuliko ndoa yangu. Huu ni ufa wa zamani. Ulifunguka, umechoka. Laleni."

Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Jioni ile alichinja kuku. Niliona jinsi mabega yake yalivyoshuka, na nikajua kwamba tangu nije sikuwa nimeyaona yakiwa chini.

Mhadhiri aliponiaga barabarani nilimwambia juu ya mlango, na chai, na sauti, na asubuhi ile ya ukungu.

"Binti," akasema, "mbele ya wale wazee Desemba utasoma vigingi au utasoma chai?"

Alikuwa na haki. Lakini kama vigingi vilikuwa sawa, watoto wangelala mle Oktoba, na kama havikuwa sawa wangelala mle vilevile, kwa sababu sasa mtu wa chuo kikuu alikuwa amesema walale.

Siku chache baadaye nilikuwa nimeketi juu, katika shamba la shemeji, nikila kiazi kitamu. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Nilisikia kuku wa Mwalimu lakini sikuiona nyumba. Kisha upepo ulipanda kutoka mtoni na ukungu ukaondoka kwa mkupuo mmoja, toka kushoto kwenda kulia, na mbele yangu ukabaki wazi mpaka ulio kati ya shamba la shemeji na la Mwalimu.

Nilikuwa nimeuruka mpaka ule kila siku bila kuuangalia. Ulikuwa mstari wa mimea yenye majani mapana marefu, iliyokatiza mteremko toka njia ya ng'ombe hadi mwisho wa shamba. Nilikuwa nimedhani ni maua ya urembo tu. Sasa, nikiutazama kwa juu, niliona kwamba umepandwa kwa kamba, umenyooka kabisa, mpaka unapofika penye ufa. Hapo ulikatika. Ng'ambo ya ufa uliendelea, umenyooka vilevile, lakini chini zaidi, kwa zaidi ya hatua ya mtu mzima. Ulikuwa kama mshono wa nguo iliyochanika na kuunganishwa na mtu mwenye haraka.

Nikaweka kiazi chini. Picha ile ile ilikuwa katika kitabu chetu cha mwaka wa kwanza: mwamba wenye mstari mweupe, ufa, na mstari kuendelea mahali pengine. Tofauti ni kwamba ule wa kitabuni ulihama kabla watu hawajakuwapo, na huu ulikuwa umepandwa na watu ambao bado walikuwa hai.

Shosho alikuwa akipanda na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikamwita.

"Shosho, hii mimea ni nini?"

"Hiyo ni matoka. Hiyo ndiyo mpaka." Alitua mzigo, akafurahi kupata cha kunifundisha. "Wakati mashamba irikatwa upya, kira mtu akapewa yake, wazee waripanda hiyo. Mtu akisongesha itoka moja, hata usiku, hata kidogo, anaraaniwa yeye na watoto wake. Hakuna mtu anasongesha."

"Ilipandwa moja kwa moja? Kwa kamba?"

"Nirikuwa hapa. Nirishika kamba."

"Basi njoo usimame hapa nilipo."

Alikuja, akatazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka vile mbele yangu. Alitazama toka njia ya ng'ombe hadi penye ufa, akarudia, kisha akafunika mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Ni nani amesongesha?" akasema. "Mama yangu. Ni nani?"

Nikamwambia si mtu. Nikamweleza kwa maneno niliyoweza: upande wa nyumba unashuka, nao umebeba matoka. Hakunisikiliza. Macho yake yalikuwa yamehamia kwenye vigingi vyangu, chini kule karibu na jikoni.

"Ni yure yure," akasema polepole. "Anayesongesha hizo zako."

"Zangu?"

"Ehe. Kira nikienda kukama nakuta zimepinda. Siku ingine kidogo, siku ingine kidogo zaidi. Nikasema kuna mtu anataka kukura hii shamba ya mjane porepore, anaanza na vijiti za mgeni. Nikawa nazirudisha."

"Unarudisha vipi, Shosho?"

"Na macho." Alifumba jicho moja, kama mimi. "Vire wewe unafanya. Nang'oa, napigiria, nakanyaga udongo vizuri. Mpaka ikipinda uache hivyo, wewe mwenyewe ndiye mwizi."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie nini? Wewe ni mgeni. Mgeni haambiwi aibu ya boma."

Kwa wiki zote zile, basi, kila hatua ambayo kilima kilishuka ilifutwa na mwanamke mwaminifu aliyekuwa akienda kukama. Kwetu mtu angevipita vigingi vile, au angeviwasha moto. Hapa kigingi kilichopinda kilikuwa dhambi ya mtu, na lazima kinyooshwe.

Lakini Shosho bado hakuamini kwamba hakuna mtu. Kesho yake alibeba kigoda na panga, akaketi kando ya vigingi toka asubuhi. Alikuwa amedhamiria kumwona mwizi. Nilivuta kamba mpya ya katani kukatiza ufa, nikaifunga kwenye vigingi viwili ikakaza, kisha nikaketi naye. Mwalimu aliporudi kutoka kununua chumvi alitukuta hapo, akauliza tunangoja nini.

"Mwizi," Shosho akasema.

"Yuko wapi?"

"Bado."

Akaketi pia. Manyunyu yalikuja, yakaenda. Tukajifunika gunia. Hakuna aliyepita isipokuwa jogoo. Mchana ukungu ulitua, ndege wakanyamaza, na ile sauti ikaanza, safari hii nje, karibu na miguu yetu. Tukaiangalia kamba. Matone ya maji yalikuwa yamejipanga juu yake. Yalianza kutikisika. Moja likaanguka, kisha jingine, kisha yote yakaanguka kwa pamoja, na kamba ikawa nyembamba. Hakuna mtu aliyeigusa. Niliona fundo likizama ndani ya kigingi kama uzi unavyozama katika nyama. Kisha kamba ikakatika, pa, na ncha yake ikampiga Shosho gotini.

Hakupiga kelele. Aliangalia panga lake, akaliweka chini polepole, kama mtu anayeweka silaha mbele ya mkubwa.

"Hakuna mtu amekuja," akasema.

"Hakuna, mama," Mwalimu akajibu.

Alinigeukia. Hakuuliza swali lake, lilikuwa usoni. Nikamwambia: "Wasilale hapa mvua ikija. Mhadhiri alisoma vigingi vilivyorudishwa."

Shemeji aliitwa jioni ile ile, kabla giza halijaingia. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, mkulima wa kahawa aliyekuwa pia akinunua viazi Mweiga na kuviuza Nyeri, na alijua bei ya kila kitu kinachokaa juu ya ardhi. Alisimama juu ya mpaka akiwa ametia mikono mifukoni.

"Mama, mpaka haiwezi kutembea."

"Imetembea. Iangarie."

Akaiangalia. Akatembea mpaka penye ufa, akarudi. Niliona ameelewa, na niliona pia kwamba anahesabu. "Hii ni maneno ya serikali," akasema. "Wacha watu wa kupima wakuje."

"Watu wa kupima wakikuja wataambiwa nini? Wapime watoto wa ndugu yako chini ya udongo?"

"Sijakataa, Mama. Lakini nikimpa mahali leo, ni milele. Unajua hivyo."

"Najua."

"Na huyu msichana wa mawe atarudi kwao, akipewa tuzo yake. Mimi nitabaki na mpaka imepinda."

Alikuwa amesema kweli.

Shosho hakubishana tena. Alipiga magoti kwenye mstari wa matoka, mahali pale pale ulipokatika, akaanza kuchimba kwa mikono. Mwanawe akasema, "Mama!" kwa sauti ya mtoto. Mwalimu aligeuza uso. Mwanamke yule aliyenihubiria laana siku iliyotangulia aling'oa mmea mmoja mzima na kiazi chake, udongo ukimdondoka kifuani, akainuka, akatembea kupanda shamba la mwanawe hadi karibu na zizi, mahali ambapo ardhi ilikuwa tambarare na mbwa alikuwa amelala. Akachimba tena, akaupanda hapo, akaukanyagia udongo.

"Hapa," akasema akihema. "Atajenga jikoni yake hapa. Kama kuna raana, ije kwangu. Mimi nimeshiba."

Shemeji akavua koti, akaenda kutafuta jembe. "Umeipanda vibaya, Mama," akasema. "Itakauka."

Jikoni mpya ya mbao ilijengwa hapo Septemba. Nyumba yenyewe walikusudia kuibomoa na kuihamisha ubao kwa ubao, bati kwa bati, lakini mvua za vuli ziliwahi. Mwalimu na binti zake walikuwa wakilala jikoni, Shosho kwa mwanawe, zilipoanza.

Ripoti niliyoisoma Desemba ilisema ndiyo: ufa ulifuata mwelekeo ule ule wa nyufa za mwamba. Vigingi nilivitaja katika sentensi moja, nikasema vilinyooshwa na kwa nini. Kipimo changu kikubwa kilikuwa matoka. Mzee mmoja wa chama aliuliza, bila dhihaka, kama nina hakika mstari ule ulipandwa ukiwa umenyooka, nikajibu kwamba nimezungumza na aliyeshika kamba. Wakaandika. Tuzo ya kwanza ilimwendea mwenzangu wa Doldol, na alistahili. Mikunjo yake ilikuwa mizuri mno. Mimi nilipewa cheti, nacho bado ninacho mahali.

Lakini kabla ya kusoma chochote nilirudi Othaya, mwishoni mwa Novemba, kuona.

Mwalimu alinipeleka mpaka kwenye ukingo. Pale nyumba ilipokuwa palikuwa na udongo mwekundu, laini, unaong'aa kama kidonda. Nyumba haikuwa imevunjika. Ilikuwa chini kabisa, karibu na mto, imesimama wima, mabati juu, pazia dirishani. Mibuni iliizunguka kama ilivyoizunguka siku zote, yenye matunda mekundu tayari kuchumwa. Hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwapo. Kilima kilikuwa kimebeba kila kitu kwa uangalifu na kukiteremsha. Kando ya nyumba niliuona msalaba.

"Mlisikia ikienda?" nikauliza.

"Hakuna mtu alisikia. Iliendelea siku nyingi, polepole. Asubuhi unaangalia, iko hapa. Kesho iko pale." Alikuwa na jembe mkononi. "Uko na ile dira yako?"

Nilikuwa nayo.

"Basi mpimie. Nataka kujua amefika wapi."

Nikatoa dira, nikaielekeza kwenye msalaba, nikamsomea upande, kisha nikakadiria umbali kwa sauti. Alisikiliza vile watu wanavyosikiliza habari za mtu aliye safarini. Chini ya miguu yetu niliiona mipasuko mipya, midogo, mibichi, ikifuata ukingo.

"Bado anaenda?"

Nilitamani kumpa jibu jingine. "Bado," nikasema.

Aliutazama msalaba, magugu yaliyokwisha kuuzunguka, na mto uliojaa nyuma yake. Kisha akainama akavua viatu, akaviweka sambamba juu ya majani makavu.

"Basi wacha nimpalilie," akasema, "kabla hajafika mtoni."